Karibu Shambani: Mti Mkavu na Bawaba Yake

 

Mwezi huu tunajibu swali la mkulima mmoja wa upande wa Mkwajuni. Anasema nyuma ya nyumba yake upo mwembe mkubwa uliokauka. Anataka kuukata kabla ya masika. Tena anauliza hivi: "Mti mkavu ni mwepesi kuliko mti mbichi. Je, si rahisi zaidi kuukata?"

Mkulima mwenzangu, umeuliza vizuri. Ni kweli mti mkavu ni mwepesi. Lakini kuukata si rahisi. Mti mbichi ukikatwa vizuri huanguka pale unapotaka. Mti mkavu unaweza kukatwa vizuri vilevile, na bado ukaanguka pale unapotaka wenyewe. Sababu iko ndani ya mbao yake. Soma polepole, tutaelewana.

Tuanze na mlango. Mlango wa nyumba yako unafunguka na kufungwa, lakini hauanguki. Unashikwa na bawaba. Bawaba ikivunjika, mlango unakuangukia miguuni.

Siku ukienda mjini, pita Mji Mkongwe uitazame ile milango mikubwa ya nakshi. Mingi ya zamani haina bawaba za chuma. Kila ubao wa mlango una ncha mbili, moja juu na moja chini. Ncha hizo zimeingia katika matundu, na mlango unazunguka hapo. Yaani mti wenyewe ndio bawaba. Ncha hiyo ikiliwa na mchwa, mlango wote hauna kazi tena, hata kama nakshi yake bado inang'aa.

Mti unaokatwa nao una bawaba. Bawaba hiyo unaitengeneza wewe mkataji. Kwanza unakata upande ambao unataka mti uangukie. Hapo unatoa kipande, na shina linabaki na uwazi kama mdomo. Mdomo huo uingie ndani kiasi cha robo ya unene wa shina. Kisha unahamia nyuma, unakata kuelekea kwenye mdomo, juu kidogo ya usawa wake. Huo ni mkato wa nyuma. Lakini hukati mpaka kutokeza. Unaacha ukanda wa mbao katikati ya mikato miwili. Ukanda huo ndio bawaba.

Mti unapoanza kuinama, bawaba inapinda taratibu. Inaushika mti usiteleze, usizunguke, usirudi nyuma. Inauongoza mpaka unakaribia chini. Mafundi huacha bawaba yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Shina la sentimita 40 linaachiwa bawaba ya sentimita 4. Hiyo ni kama upana wa vidole viwili.

Sasa fikiri. Mti mzima wenye uzito wa magunia mengi unaongozwa na mbao ya vidole viwili. Mbao hiyo ikoje? Inapinda au inakatika? Hapo ndipo penye uhai wa mkataji.

Mbao ni nyuzi

Kinamama wa Paje na Jambiani wanaijua habari hii kuliko wengi wetu. Wao hufukia makumbi ya nazi pwani, huyaacha kwa miezi, kisha huyafukua na kuyaponda. Ndani yake hutoka usumba, na usumba husokotwa kamba. Uzi mmoja wa usumba unakatika kwa vidole. Nyuzi nyingi pamoja zinafunga chombo. Lakini kamba ikiachwa unyevuni mpaka ikavunda, ukiivuta inaachia bila hata mlio.

Mbao nayo ni nyuzi nyingi zilizosimama pamoja kutoka chini kwenda juu. Katika mti mbichi nyuzi hizo zimejaa maji. Katika miti mingi karibu nusu ya uzito wa mbao mbichi ni maji. Maji hayo huzifanya nyuzi zikubali kupinda.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Vunja kijiti kibichi cha mpera. Kinapinda, kinapinda tena, na hata kikivunjika nyuzi zake bado zimeshikana. Sasa chukua kijiti kikavu cha mpera huohuo. Kinapinda kidogo tu, kisha "ta!" Vipande viwili, hakuna kilichoshikana. Hiyo ndiyo tofauti ya bawaba ya mti mbichi na bawaba ya mti mkavu.

Usidhani ninasema mbao kavu ni dhaifu. Hapana. Boriti kavu za mikoko zimebeba sakafu za mawe na chokaa katika nyumba za Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka 100. Lakini kubeba ni kazi moja, na kupinda ni kazi nyingine. Bawaba ya mti unaoanguka inatakiwa kupinda.

Na hapo nimesema juu ya mti mkavu ambao bado ni mzima. Mti uliokufa ukiwa umesimama haukauki tu. Mvua inanyesha, maji yanaingia penye tawi lililovunjika, kuvu inaota ndani. Kuvu hula mbao. Tena huanza kuila nguvu ya nyuzi mapema, kabla jicho halijaona kitu. Unaona rangi imebadilika kidogo tu, kumbe nyuzi zimekwisha kuwa kama biskuti. Baadaye wanakuja mchwa na wadudu wanaotoboa. Hata zile boriti za mjini huharibika hivyohivyo. Ncha iliyoingia ukutani hupata maji ya mvua na kuoza, na huku chumbani boriti inaonekana safi.

Nilivyojifunza mimi

Nitakusimulia jambo lililonipata. Nilikuwa kijana. Mjomba wangu aliniita tukakate mwembe mkavu uliokuwa kati ya jiko lake na shamba la muhogo. Tulitaka uangukie kwenye muhogo. Mjomba alikuwa mkataji hodari. Alitengeneza mdomo mzuri kabisa, akaelekeza kwenye muhogo. Tukakata nyuma kwa msumeno wa watu wawili. Bawaba tuliyoiacha ilikuwa sawa pande zote.

Mti ulianza kuinama kuelekea kwenye muhogo. Tukafurahi. Ghafla tukasikia mlio mmoja mkavu. Mti ukazunguka mbele ya macho yetu kama mtu aliyeitwa jina. Ukaangukia jiko. Shangazi, mke wa mjomba, alikuwa amekwenda kisimani dakika chache kabla. Sufuria iliyokuwa mekoni ilibanwa ikawa bapa kama sahani.

Tuliogopa hata kusema. Baadaye mjomba aliniita tuangalie kisiki. Upande wa jikoni kulikuwa na nyuzi zimesimama, ndefu kama vidole, zimechanika. Upande wa pili palikuwa bapa. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Mbao ilikatika kama muhogo uliochemshwa.

Basi tukaelewa. Bawaba yetu ilikuwa nusu nzima, nusu imeoza. Nusu iliyooza iliachia mara moja. Nusu nzima iliendelea kushika, ikauvuta mti upande wake. Na upande wake ulikuwa jikoni.

Tangu siku ile, kila ninapokuta kisiki ninakisoma kama ninavyosoma gazeti. Nawe fanya hivyo. Kisiki chenye nyuzi ndefu kinasema bawaba ilipinda. Kisiki bapa kinasema bawaba ilikatika, na mtu aliyekuwa hapo aliokoka kwa bahati.

Pima kabla ya kukata

Mjomba alifanya kosa moja. Alipima mti kwa macho. Macho hayatoshi.

Chukua shoka, geuza kisogo chake, uligonge shina taratibu kulizunguka lote. Anza karibu na ardhi mpaka usawa wa kifua. Kabla hujagonga, tazama juu kama kuna tawi linaloning'inia. Mbao nzima hutoa sauti ngumu na fupi. Mbao yenye pango hulia kama ngoma. Ukisikia sauti zinatofautiana upande huu na upande ule, ujue bawaba yako itatofautiana pia.

Kisha toboa. Seremala wa kijijini ana keekee. Toboa matundu madogo mawili au matatu pale unapokusudia bawaba iwe. Tazama unga unaotoka. Ukiwa mweupe au wa rangi ya mbao, tena mkavu na wenye nyuzi, ni dalili njema. Ukiwa mweusi na laini kama ugoro, mbao imeoza. Na kama keekee inazama ghafla bila kusukumwa, umefika kwenye pango. Hapo usikate. Tafuta usawa mwingine wa juu kidogo wenye mbao nzima, au acha kazi umwite Bwana Misitu.

Angalia na mizizi. Uyoga ukiota chini ya shina, au udongo ukiwa umeinuka na kupasuka upande mmoja, mti huo unaweza kung'oka mzima kabla bawaba haijafanya kazi yoyote.

Hapa nitaje mikarafuu. Wazee wa Unguja wanaukumbuka ugonjwa wa kufa ghafla, ulioua mikarafuu mingi sana ya kisiwa chetu katika karne iliyopita. Mkarafuu mkubwa ulipoteza majani yake kwa muda mfupi na kubaki mifupa. Ugonjwa ule hushambulia mizizi. Kwa hiyo mkarafuu uliokufa hivyo usiuamini kuanzia chini. Halafu mbao ya mkarafuu ni ngumu lakini haipindi sana hata ukiwa hai. Wachumaji wanajua jinsi tawi bichi la mkarafuu linavyokatika bila kutoa taarifa. Ukikauka ndiyo zaidi.

Miti haifanani. Msufi ukifa huoza upesi na kuwa kama sifongo. Mwembe nao hauchelewi. Mfenesi kiini chake hudumu, ila ganda la nje huliwa na wadudu. Mvinje mkavu ni mgumu kama chuma, lakini hupasuka. Ukisikia fundi anasema dawa yake ni moja kwa miti yote, mwache akate wa kwake.

Kuna wanaosema: "Basi nitaacha bawaba nene, iwe mara mbili." Kuongeza kidogo kunafaa penye mbao iliyolainika. Lakini unene haurudishi ule uwezo wa kupinda. Bawaba nene mno katika mti mkavu huufanya usitake kuanguka. Utaanza kuusukuma, utagonga kabari kwa nyundo, mti mzima utatikisika. Na mti mkavu ukitikisika hudondosha matawi juu ya kichwa cha anayegonga.

Kwa hiyo usiitake bawaba ya mti mkavu kazi kubwa. Mti mbichi unaweza kuugeuza kidogo kutoka pale ulikoinamia. Mti mkavu uache uende ulikoinama. Kama ulikoinama ni nyumbani kwako, hiyo si kazi yako peke yako. Inataka kamba ndefu, watu, na mtu anayeijua.

Kamba ifungwe kabla ya mkato wa kwanza. Irushwe kutoka chini kwa kufunga jiwe kwenye kamba nyembamba. Usipande mti mkavu kwenda kufunga kamba. Usipande hata kupunguza matawi. Tawi lililokubeba mwaka jana si tawi lile tena.

Watu wanaovuta wasimame mbali kuliko urefu wa mti. Urefu unaupima hivi. Simama mahali tambarare, nyoosha mkono mbele, ushike fimbo wima. Sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho lako mpaka ngumi. Rudi nyuma polepole mpaka ncha ya fimbo ilingane na kilele cha mti, na ngumi ilingane na chini ya shina. Hapo uliposimama mpaka kwenye shina ndio urefu wa mti. Watoto, watazamaji na mbuzi wakae mbali mara mbili ya hapo.

Fyeka njia mbili za kukimbilia, moja kushoto na moja kulia, zote zikienda nyuma kwa mshazari. Usikimbie nyuma moja kwa moja, maana shina huweza kuruka kinyumenyume. Mti ukianza tu kusogea, acha kukata, ondoka. Shoka liache hapo hapo. Upepo wa kusi ukivuma, ahirisha.

Mnazi ni jamii nyingine

Mkulima wa Mkwajuni hakuuliza juu ya mnazi, lakini wengi mnayo minazi mikongwe na vigutu vilivyopoteza kichwa. Kigutu hakifai kuachwa. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, huzaliana katika shina la mnazi linalooza, kisha huenda kutoboa minazi mizima ya jirani.

Mwembe huwa mgumu kuelekea kwenye kiini. Mnazi ni kinyume chake. Nguvu yote iko nje, na katikati ni laini. Kipande cha mbao ya nje ya mnazi mkongwe kinaweza kuwa na uzito zaidi ya mara mbili ya kipande kama hicho cha katikati. Kwa hiyo bawaba ya mnazi ni ncha zake mbili tu, kushoto na kulia. Tuziite masikio. Katikati ya masikio ni kama hakuna kitu. Mkataji anayekata pembeni kwa shoka mpaka akala sikio moja, amebaki na bawaba ya upande mmoja. Mambo ya mjomba wangu hayo.

Tena mnazi hauponi jeraha. Mwembe ukiukata ganda, mwaka wa pili unafunika. Mnazi hauna uwezo huo. Vidato ambavyo wakwezi wamechonga miaka 30 iliyopita bado viko wazi, na maji yanaingia. (Kidato hicho cha mnazi ndicho kilichowapa watoto wa skuli neno lao la kidato cha kwanza na cha pili.) Basi usiweke bawaba penye kidato. Na usimtume mkwezi kwenye mnazi uliokufa, hata akisema yeye ameuzoea. Ukishauangusha, upasue shina na kulitoa shambani au kulichoma, chonga wasipate nyumba.

Jambo la mwisho ni kibali. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inasimamia ukataji wa miti. Usidhani mti ukishakufa umetoka katika sheria. Anza kwa sheha wako, naye atakuelekeza Idara ya Misitu. Msumeno wa moto nao una masharti yake. Faida ya kufuata njia hii ni kwamba Bwana au Bibi Misitu atakuja kuuona mti, na jicho la pili si kitu kidogo. Kama mti uko mbali na nyumba na njia, huenda akakwambia uuache uanguke wenyewe. Usione amekudharau.

Sasa nirudi kwako, mkulima wa Mkwajuni. Pima urefu wa mwembe wako kwa fimbo. Kama nyumba iko ndani ya urefu huo, usiuguse peke yako. Nenda kwa sheha wiki hii, usingoje mawingu ya masika. Wakati unangoja, hamisha meko yaliyo upande ule, mfunge mbuzi mahali pengine, na waambie watoto mchezo wao wauhamishie mbele ya nyumba. Ukishaukata, tazama kisiki chake, kisha utuandikie ulichokiona.